Kosa Langu la Vioo

Wadau, nimekuwa kimya kwa muda kidogo. Kazi za gazeti mnazijua, hujamaliza habari ya leo, ya kesho inabisha hodi. Lakini leo nimerudi nikiwa na deni. Ni deni la masahihisho, na kwa kuwa gazetini halikulipwa, nitalilipa hapa pamoja na riba.

Jumapili ya Mei 12, 2024 mnaikumbuka. Mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu huko kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikasuasua hapa Tanzania na kwa majirani zetu. Mimi nilikuwa zamu. Mhariri akaniambia, "Wewe si msomi? Nipe maneno mia tatu, mkongo unafanyaje kazi. Una dakika arobaini." Intaneti ndiyo hiyo imelala, kwa hiyo hata pa kuchungulia hapakuwepo. Nikaandika nilichodhani nakijua: kwamba ndani ya kila uzi wa mkongo kuna vioo vidogo vidogo vilivyopangwa ukutani, mwanga unagonga hiki, unarukia kile, mpaka unafika Mumbai.

Jumatatu asubuhi simu ikaita. Mwalimu wangu wa fizikia wa sekondari, siku hizi mstaafu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Nimesoma gazeti lako. Hivyo vioo umeviona wapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. "Humo ndani hamna kioo cha kujitazamia hata kimoja, mwanangu. Kuna uso tu. Nenda kasome."

Kiswahili chetu kinachangia kidogo kosa hili, maana kioo cha dirishani na kioo cha kujitazamia tunaviita kwa jina moja. Uzi wenyewe ni wa kioo, hilo ni kweli. Lakini hauna vioo. Nilimfuata mhariri na masahihisho ya mistari minne. Akasema, "Nani atatushtaki kwa ajili ya vioo?" Yakaishia hapo. Basi nimekuwa nikisoma tangu siku ile, na nilichokikuta ni historia ndefu kuliko nilivyotegemea. Inaanzia kwenye mchirizi wa maji, inapita kwenye mifuko ya rambo, na mwisho inarudi kwenye maji yale yale.

Tuanzie Geneva, Uswisi, mwaka 1841. Profesa mmoja, Daniel Colladon, alikuwa na tatizo ambalo kila mwalimu analijua: waliokaa nyuma hawaoni. Alikuwa akionyesha jinsi maji yanavyochomoka kwenye tundu la tangi, na ukumbini watu hawakuuona vizuri ule mchirizi. Akaamua kuumulika kwa ndani. Akaelekeza mwanga upite kwenye tangi na kutokea kwenye tundu lile lile linalotoa maji, na ukumbi ukatiwa giza. Mwanga haukwenda moja kwa moja kama tulivyozoea. Ulibaki ndani ya maji, ukapinda pamoja nayo, ukashuka nayo, na ukamwagika pale tu maji yalipoanguka na kutawanyika.

Aliyewahi kupiga mbizi Kigamboni akatazama juu kwa mshazari ameliona jambo hili. Uso wa maji ukiutazama kutoka chini unang'aa kama fedha, huoni mawingu. Sababu ni kwamba kila kitu kinachopitisha mwanga kina namba yake ya kupinda mwanga. Hewa ni kama 1.00, maji 1.33, kioo safi cha silika karibu 1.46, plastiki ya akriliki 1.49. Mwanga ulio ndani ya kitu chenye namba kubwa, ukigonga mpaka wa kitu chenye namba ndogo kwa mshazari wa kutosha, hautoki. Unarudi ndani wote. Hakuna kilichoupiga kofi ili urudi, ni mpaka tu baina ya vitu viwili. Mwalimu aliposema "kuna uso tu", alikuwa na maana hii.

Mwaka 1854 John Tyndall alionyesha mchezo huo huo wa maji pale Royal Institution, London. Tyndall alikuwa msemaji hodari na mwandishi maarufu, na kwa zaidi ya miaka mia vitabu vingi vikamtaja yeye kama mwanzilishi. Colladon akasahaulika. Likumbukeni hilo, maana katika hadithi hii litajirudia.

Sasa ruka mpaka Ujerumani, mwaka 1930. Mwanafunzi wa udaktari mjini Munich, Heinrich Lamm, alitaka kuona ndani ya mwili wa mgonjwa bila kupasua. Akakusanya nyuzi nyembamba za kioo, akazifunga pamoja kama ufagio, akapitisha picha ya waya wa balbu inayowaka kutoka ncha moja hadi nyingine. Picha ilifika, ingawa ilikuwa mbovu. Lamm alikuwa Myahudi. Wanazi walipoingia madarakani alikimbilia Marekani, na kazi yake ya nyuzi ikaishia hapo.

Kwa nini picha ilikuwa mbovu? Hapa ndipo kwenye kiini cha mambo, na naomba msinikimbie. Tumesema mwanga hurudi wote ukigonga mpaka. Ni kweli, lakini unaporudi huwa kwanza umechungulia nje kidogo, umbali mdogo kuliko unene wa utando wa buibui. Kama nje kuna hewa tupu, hakuna tatizo. Kama nje kuna uzi mwingine umegusana na huu, au mafuta ya kidole, au vumbi, mwanga unapata daraja na kuvuka. Nyuzi za Lamm zilikuwa uchi. Kila zilipogusana, zilivuja.

Mholanzi Abraham van Heel, profesa wa Delft, alilikuta tatizo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1950. Unajua alijaribu nini kwanza? Kuzipaka nyuzi madini yanayong'aa. Yaani vioo vya kujitazamia! Nilipofika hapo kwenye kusoma nilifarijika kidogo, kosa langu kumbe lilishafanywa na profesa. Haikufaa, na hesabu yake ni rahisi. Kioo cha kujitazamia hata kiwe kizuri namna gani, kila kinaporudisha mwanga kinameza kidogo. Tuseme kinarudisha asilimia 99. Baada ya kugonga mara 100, umebaki na asilimia 37 hivi. Baada ya mara 500, chini ya asilimia 1. Na katika uzi mwembamba mwanga unaweza kugonga ukuta maelfu ya mara kwa mita chache tu.

Jibu alilipata kwa Mmarekani, mtaalamu wa mwanga Brian O'Brien, waliyezungumza mwaka 1951: usiupake uzi kitu kinachong'aa, uvike kitu kinachopitisha mwanga, ila chenye namba ndogo kuliko ya uzi wenyewe. Kwa hiyo mpaka unahamia ndani, chini ya hilo vazi. Vidole na vumbi vinagusa vazi, havigusi mpaka. Kwa maneno mengine, uzi ulipewa ngozi.

Januari 2, 1954 jarida la Nature lilichapa taarifa mbili katika toleo moja. Moja fupi, ya van Heel, yenye wazo la ngozi. Nyingine ndefu zaidi, ya Harold Hopkins na mwanafunzi wake Narinder Kapany wa Imperial College, London, kuhusu kupitisha picha kwenye fungu la nyuzi, lakini nyuzi zao zilikuwa bado uchi. Taarifa ndefu ndiyo iliyosomwa sana. Yenye ngozi, ambayo ndiyo iliyobeba siku za mbele, wengi waliipita.

Ngozi ya kioo juu ya kioo ilitengenezwa Desemba 1956 na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan, Lawrence Curtiss, kijana ambaye hata shahada ya kwanza alikuwa hajamaliza. Wakubwa wake walikuwa na shaka. Alichukua fimbo ya kioo, akaitumbukiza kwenye bomba la kioo chenye namba ndogo, akaviyeyusha pamoja na kuvivuta kuwa uzi mmoja. Miezi michache baadaye daktari Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini, alimeza mwenyewe kifaa kilichotengenezwa kwa nyuzi hizo kabla ya kumtumia mgonjwa. Kipimo kile cha kutazama tumbo kwa mpira mrefu, ambacho huenda mzazi wako ameshafanyiwa hospitalini, ndipo kilipoanzia.

Sehemu inayofuata ndiyo maarufu, kwa hiyo nitaipita haraka. Julai 1966, Charles Kao, mzaliwa wa Shanghai, na mwenzake George Hockham, wakifanya kazi Harlow, Uingereza, waliandika kwamba tatizo lililobaki ni uchafu ndani ya kioo. Kioo cha wakati ule kilibakiza asilimia 1 ya mwanga baada ya mita 20 hivi. Wakasema kikisafishwa mpaka asilimia hiyo 1 ibaki baada ya kilomita nzima, simu za dunia zinaweza kupita humo. Mwaka 1970 watu watatu wa kampuni ya Corning, Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz, walivuka kiwango hicho. Siku hizi uzi mzuri wa kioo unabakiza nusu ya mwanga hata baada ya kilomita 15.

Kao alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009. Kapany hakuwemo, na wengi India walinung'unika. Lakini kilichonigusa ni kingine. Kao wakati huo alikuwa tayari ana ugonjwa wa kusahau, na hotuba yake kule Stockholm aliitoa mkewe, Gwen. Mtu aliyeifungulia dunia njia ya kukumbushana kila kitu, mwenyewe kumbukumbu zilikuwa zinamtoka. Na mwaka huo huo, Julai 2009, mkongo wa Seacom ulianza kazi kwenye mwambao wetu. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi.

Hapo historia nyingi zinakomea: kioo kilishinda, mwisho. Mimi nilitaka kukomea hapo hapo. Nilimpigia mwalimu kumsomea rasimu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na plastiki?"

Na plastiki, wadau, ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote.

Akriliki, ile plastiki inayopitisha mwanga ambayo Otto Röhm wa Ujerumani aliiingiza sokoni mwaka 1933 kwa jina la Plexiglas, nayo inaweza kuvutwa kuwa uzi. Kampuni ya DuPont ya Marekani ilifanya hivyo miaka ya 1960. Kwa safari ndefu haifai kabisa: mwanga unabaki asilimia 1 baada ya mita 130 hivi. Lakini uzi wa plastiki unaweza kuwa mnene wa milimita moja, haukatiki ukikunjwa, na fundi anauunga bila mashine ya gharama. Mwaka 2001 BMW waliuingiza kwenye magari yao makubwa kusafirisha muziki na picha ndani ya gari. Zaidi ya hapo, plastiki ya maji maji unaweza kuimwaga juu ya kibao cha saketi kama rangi, ukaikausha, ukaichonga vijia vya mwanga vyembamba kuliko unywele. Wazo la kuweka njia za mwanga juu ya kibao kama tunavyoweka njia za umeme lilipewa jina na mwelekeo mwaka 1969 na Stewart Miller wa maabara za Bell, Marekani. Watafiti, wakiwemo wa IBM kule Zurich, wamelifanyia kazi wakitumia plastiki ili kompyuta kubwa zizungumze kwa mwanga badala ya shaba.

Na hapa uso unarudi, safari hii kwa hasira.

Shida ya kwanza ni mikwaruzo. Mwaka ule ule wa 1969, katika maabara zile zile za Bell, Dietrich Marcuse alipiga hesabu ya kinachotokea ukuta wa njia ya mwanga usipokuwa laini. Jibu lake linatisha. Vinundu vya nanomita chache tu vinatosha kuutawanya mwanga utoke nje. Unywele wako una unene wa nanomita kati ya 50,000 na 100,000, kwa hiyo tunazungumzia vitu ambavyo kidole hakiwezi kuvihisi wala darubini ya shuleni kuviona.

Shida ya pili ni kwamba plastiki zinazofaa hazishikani na kitu. Plastiki humeza mwanga kwa sababu ya vifungo vya kaboni na hidrojeni vilivyomo ndani yake, ambavyo vinatikisika kwa mwendo unaokula baadhi ya mwanga. Ukiondoa hidrojeni ukaweka florini, ulaji unapungua sana, na namba ya kupinda mwanga nayo inashuka, kitu ambacho ndicho tunachokitaka kwa ngozi. Lakini plastiki yenye florini nyingi ni ndugu wa Teflon, iliyogunduliwa kwa bahati na Roy Plunkett mwaka 1938, ile ya kikaango ambacho yai halinati. Umeona mtego? Ngozi iliyo bora kuliko zote kwa mwanga ndiyo inayokataa kushikana na mwili. Ukiipaka, inabanduka. Ikibanduka, hewa na unyevu vinaingia, na njia ya mwanga imekufa.

Nani aliwahi kuifanya plastiki isiyoshika ishike? Wachapaji wa mifuko.

Mnaikumbuka mifuko ya rambo. Tanzania iliipiga marufuku Juni 1, 2019, Kenya walitutangulia Agosti 2017. Plastiki yake, polithini, iligunduliwa Uingereza mwaka 1933. Haishiki wino. Ukichapa jina la duka juu yake, ukisugua kwa gumba, jina limekwenda. Ila ile ya dukani ilikuwa na maandishi, na hayakutoka. Ilikuwaje? Mwaka 1951 mhandisi wa Denmark, Verner Eisby, anayetajwa sana katika historia ya ufundi huu, alitatua jambo hili kwa kuipitisha plastiki chini ya cheche za umeme kabla ya kuichapa. Cheche hizo huigeuza hewa iliyo juu ya plastiki, hewa hiyo huigeuza plastiki, na wino unashika. Kwa hiyo kila mfuko wenye maandishi uliookotwa Kariakoo kuna uwezekano mkubwa ulipita kwenye mvua ya radi ndogo kiwandani.

Hewa iliyogeuzwa na umeme ndiyo inayoitwa plazima. William Crookes wa London aliichunguza mwaka 1879 ndani ya chupa zilizotolewa hewa, akaiona kuwa ni hali ya nne ya vitu, baada ya yabisi, kimiminika na gesi. Irving Langmuir wa Marekani akaipa jina hilo mwaka 1928. Si kitu cha ajabu sana. Radi ya masika ni plazima, taa ndefu nyeupe za ofisini zina plazima ndani, jua lenyewe ni plazima.

Lakini jua linayeyusha kila kitu, sasa plastiki itaponaje? Hili lilinisumbua mpaka nilipoelewa jinsi mashine inavyofanya kazi. Unaweka kipande cha plastiki ndani ya chumba cha chuma, unanyonya hewa mpaka ibaki kidogo sana, unaingiza gesi kidogo, tuseme oksijeni, kisha unawasha umeme unaokwenda na kurudi mara milioni 13.56 kwa sekunde. Ndani kunang'aa. Elektroni, ambazo ni nyepesi mno, zinapata joto la maelfu ya digrii. Lakini gesi yenyewe, ambayo ni nzito, haiwahi kupata moto. Ni kama nzi wenye hasira ndani ya ghala la tembo waliolala. Nzi wanavunja vunja molekuli chache za gesi, na vipande hivyo vyenye njaa ndivyo vinavyoshambulia uso wa plastiki. Plastiki inabaki baridi kiasi cha kushikika.

Kinachofanyika usoni kinategemea gesi na muda. Oksijeni kwanza inasafisha, inachoma mafuta na uchafu usioonekana. Kisha inang'oa hidrojeni za juu na kupachika oksijeni mahali pake, na uso uliokuwa unakataa kila kitu sasa una mikono ya kushika. Ukiiacha kwa muda mrefu zaidi kupitia kiolezo, inachonga, na ndivyo vijia vya mwanga vinavyokatwa kwenye plastiki. Gesi yenye florini inafanya kinyume, inapachika florini usoni na kushusha namba ya kupinda mwanga pale pale juu. Na kwa zile plastiki ndugu wa Teflon, plazima ya hidrojeni au amonia inang'oa baadhi ya florini ili ngozi ikubali kushikana. Haya yote, ukiondoa kuchonga, yanatokea kwenye kina cha nanomita chache hadi makumi tu. Chini ya hapo plastiki haijui kama kuna jambo limepita.

Jaribio lake unaweza kuliona kwa macho. Chukua ile plastiki laini ya silikoni, weka tone la maji. Linasimama kama shanga. Iweke kwenye plazima ya oksijeni kwa dakika moja, weka tone jingine. Linatandaa kama kwenye sahani iliyooshwa vizuri. Mwaka 1998 maabara ya George Whitesides, Chuo Kikuu cha Harvard, ilionyesha jinsi vipande viwili vya silikoni vilivyopitia plazima vinavyogandana moja kwa moja bila gundi, na njia nyembamba za maji zikabaki ndani yake. Tangu hapo mbinu hiyo imesambaa kwenye maabara duniani kote.

Msidhani ni dawa ya kila kitu. Nilijifunza kuogopa habari zinazomalizia kwa shangwe. Plazima ikizidi muda, inaukwaruza ule ule uso uliotaka uwe laini, na tumeona hesabu ya Marcuse. Na silikoni ina tabia ya kusahau: molekuli fupi za ndani zinapanda juu taratibu, na baada ya saa au siku tone linaanza tena kusimama kama shanga. Kwa hiyo fundi ana dirisha dogo. Asubiri kidogo tu, kazi imeharibika. Ufundi wote uko katika kujua lini uzime umeme na lini uunganishe.

Nilisema mwisho tutarudi kwenye maji. Tatizo moja la zamani lilikuwa hili: mchirizi wa Colladon ulishika mwanga kwa sababu ulizungukwa na hewa. Ukiyaweka maji ndani ya bomba la kioo, mwanga unatoroka, maana namba ya kioo ni kubwa kuliko ya maji. Plastiki nyingi nazo ni hivyo hivyo, namba zake ziko juu ya 1.33. Lakini DuPont walitengeneza plastiki ya florini inayopitisha mwanga, wakaiita Teflon AF, yenye namba kati ya 1.29 na 1.31. Ni ndogo kuliko ya maji! Bomba jembamba la plastiki hiyo, ukilijaza maji, linashika mwanga kama Colladon alivyoushika mwaka 1841, ila safari hii maji hayamwagiki, na unaweza kulikunja mita kadhaa kama waya. Watafiti wa bahari wanatumia mabomba ya namna hiyo kupima virutubisho kwenye maji ya bahari ambavyo ni vichache mno hata vipimo vya kawaida havivioni. Mwanga ukisafiri mita nyingi ndani ya maji hayo, hata rangi hafifu kabisa inajitokeza.

Miaka zaidi ya 150 imepita kutoka mchirizi hadi bomba. Katikati yake kuna wanafunzi, wakimbizi, wachapaji wa mifuko na watu waliopitwa kwenye orodha za heshima. Nikitazama nyuma, karibu kila hatua haikuwa juu ya mwanga wenyewe. Mwanga ulikuwa tayari siku zote. Walichokuwa wakikitengeneza ni mpaka wake: uvikwe, usafishwe, ulainishwe, ushikane. Ukiuharibu mpaka kwa nanomita chache, mwanga unatoka na hauagi.

Ndiyo maana sikuweza kuliacha kosa langu. Maneno mia tatu yale yalisomwa na watu wengi kuliko watakaosoma haya. Kuna mtoto wa kidato cha pili mahali fulani ambaye amekata kile kiboksi na kukibandika daftarini, na siku ya mtihani ataandika "vioo vidogo vidogo", na atakosa alama kwa sababu yangu. Mhariri alikuwa sahihi kwamba hakuna atakayetushtaki. Sijui kama hicho ndicho kipimo.

Basi, masahihisho: Katika gazeti la Jumatatu, Mei 13, 2024, niliandika kwamba ndani ya nyuzi za mkongo kuna vioo vinavyourudisha mwanga. Si kweli. Hakuna vioo. Mwanga unarudishwa na mpaka baina ya kioo cha ndani na ngozi yake ya nje. Kosa ni langu.

Mwalimu nimemtumia. Amejibu kwa ujumbe mfupi: "Sasa umesoma. Ila umesahau kutaja nyuzijoto za maabara." Kazi kwelikweli. Kama na wewe umeona mahali nilipoteleza, usiniache hivi hivi, niambie.